Pini Saba za Mirihi

Kila siku saa kumi na moja jioni, fundi cherehani alipokanyaga pedali kwa mara ya mwisho na kunyoosha mgongo, kazi ya binti yake ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Aliichukua sumaku iliyofungwa kwenye uzi, akaiburuta chini ya meza ya kukatia, chini ya cherehani, mpaka pembeni kulikorundikwa vitambaa, na pini zilizoanguka mchana kutwa zikairukia moja baada ya nyingine. Akishazichomeka zote kwenye kimto chake, alisema, "Sakafu safi, Fundi," na baba yake akamlipa kifungo kimoja kisicho na mwenzake. Alikuwa na chupa nzima ya vifungo vya namna hiyo. Hata jina lake la nyumbani lilikuwa Kifungo, kwa sababu akiwa na miaka miwili alimeza kifungo cha koti la mteja, na mteja akalazimika kulisubiri koti lake siku mbili.

Lakini jioni hiyo sumaku ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, na Kifungo alikuwa amekaa kizingitini, amenuna.

Mtu huyo alikuwa binamu yake, binti wa shangazi, aliyehamia pale miezi mitatu nyuma, mama yake alipokwenda mbali kusomea uuguzi. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili, wote darasa la sita, na sasa walilala kitanda kimoja. Kila mtu alimwita Kimya, kwa kuwa ukimuuliza swali alilifikiria kwanza, na jibu lake likija lilikuwa fupi. Hakuwa na maringo hata chembe. Hilo ndilo lililomuudhi Kifungo zaidi, maana mtu mwenye maringo angalau unaweza kumsema.

"Mjomba, sakafu safi," Kimya alisema.

"Ahsante, mama," fundi akajibu, akampa kifungo cha rangi ya samawati. "Na huo mkasi mdogo uchukue ukatie nyuzi. Mkono wako umetulia."

Mkasi mdogo! Kifungo alikuwa ameuomba mkasi ule mwaka mzima, akaambiwa asubiri akue. Alitamani Kimya ajikate, japo kidogo, halafu akaona aibu kwa kutamani hivyo, halafu akatamani tena.

Baba yake hakuona lolote. Alikuwa amesimama dirishani, ameliinua koti kuukuu kwenye mwanga. Ndivyo alivyofanya kila alipoletewa nguo ya kurekebisha. Aliifumua kwanza, kisha akatafuta vitundu vidogo vilivyoachwa na sindano ya fundi aliyetangulia, ajue mshono wa zamani ulipita wapi.

Shuleni nako mambo yalikuwa yale yale. Tangu darasa la nne, Kifungo ndiye aliyekuwa akiongoza katika sayansi, na swali gumu likiulizwa wenzake waligeuza shingo kumtazama yeye. Siku hizi shingo zilikuwa zinageukia upande wa dirisha, alikokaa Kimya.

Wiki nane zilizopita, mwalimu wa sayansi alikuwa amechora nukta kadhaa ubaoni, moja kwa chaki nyekundu.

"Leo mkitoka nje saa moja usiku, kabla ya chakula, mtaiona hii upande wa mashariki," alisema. "Inang'aa kama kaa la moto. Wengi huiita nyota, lakini ni sayari, na jina lake ni Mirihi. Nyota za kweli zikisogea zinasogea zote pamoja, kama watoto walioshikana mikono. Mirihi haimshiki mtu mkono. Inapita katikati yao. Nataka mniambie inaelekea wapi."

Kisha akawaambia jambo lililowafanya wakae wima. Chuo cha ualimu kilichokuwa upande wa pili wa mji kilikuwa na darubini, na kilikuwa tayari kuikopesha wiki nzima kwa shule ambayo wanafunzi wake wangeleta kumbukumbu za kweli za angani za wiki nane. Mkufunzi wa chuo angekuja mwenyewe kuzikagua. Mwanafunzi mwenye kumbukumbu bora angekuwa mtunza darubini. Angeshika ufunguo wa sanduku lake, na jicho lake ndilo lingetangulia kutazama.

Kifungo aliuona ufunguo ule ukining'inia shingoni mwake kabla hata kengele haijalia.

Walianza wanafunzi arobaini na wawili. Wiki ya pili wakabaki kumi. Mmoja alisema mawingu, mwingine alisema usingizi, na mchekeshaji wa darasa, aliyeitwa Redio, alisema kwao nyota zimekatiwa umeme. Wiki ya tatu ilipoisha walikuwa wamebaki watoto wa nyumbani kwa fundi tu.

Wazo la kutumia kitambaa lilikuwa la Kifungo. Alimwomba baba yake vipande viwili vya bitana nyeusi, kitambaa cha kushonea ndani ya koti, wakachomeka pini za vichwa vyeupe mahali pa nyota na pini za vichwa vyekundu mahali pa Mirihi, moja kila baada ya siku tatu, kila moja na kikaratasi cha tarehe. Kimya naye akaongeza jambo lake. Alifunga uzi kwenye tepu ya kupimia, akauma ncha ya uzi kwa meno, akainyoosha tepu mbele yake mpaka uzi ukakaza. Kwa njia hiyo tepu ilikuwa umbali ule ule kutoka machoni kila siku, na aliweza kuhesabu ni sentimita ngapi kati ya Mirihi na nyota mbili zilizo jirani yake. Sentimita moja ya angani wakaifanya tano za kitambaa.

"Huu uzi wa kuuma kwa meno ni akili ya nani?" mwalimu aliuliza walipoonyesha darasani.

"Ya Kimya," Redio akasema, na darasa zima likapiga makofi.

Kitambaa hakikupigiwa makofi. Kimya alifungua kinywa aseme kitambaa kilikuwa akili ya nani, lakini alichukua muda wake kama kawaida, na mwalimu akawa ameshafungua ukurasa mwingine. Tangu siku ile Kifungo hakutaka tena kusimama na binamu yake juu ya tofali nyuma ya nyumba, walipopimia anga.

"Tangulia, mimi nitatoka baadaye," alisema siku za mwanzo, na kweli alitoka. Baadaye akawa anachungulia dirishani, ingawa dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa jirani. Mwisho hakuchungulia kabisa. Wiki zote hizo Mirihi ilikuwa imetambaa upande mmoja tu, kuelekea machweo, kwa hiyo aliona hakuna haja ya kujisumbua. Kama juzi ilikwenda hivi na jana hivi, kesho itakwenda wapi tena? Akawa anachomeka pini zake akiwa amekaa kitandani, na mstari wake ukanyooka kama mshono wa suruali.

Jumatano ya wiki ya nane, siku mbili kabla ya mkufunzi kuja, Kifungo aliingia chumba cha kazi na kumkuta baba yake anashona utepe wa dhahabu kwenye pindo la kitambaa cha Kimya.

"Utepe wa lile gauni la harusi?" aliuliza.

"Ulibaki," baba yake akasema. "Mtoto huyu hajakosa hata siku moja. Ametoka hadi siku za mafua. Kazi kama hii inastahili pindo zuri."

"Na changu?"

"Chako nitakipinda pia, mwanangu. Ila utepe umekwisha."

Fundi aliondoka kwenda kumpelekea mteja nguo, na Kimya alikuwa anaoga. Kifungo alibaki na kitambaa kile mezani. Akakitazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Pini nyekundu za Kimya zilikwenda kuelekea machweo, zikasongamana mahali pamoja, kisha saba za mwisho zikageuka na kurudi zilikotoka, chini kidogo ya njia ya mwanzo.

Angeweza kujiambia kwamba Kimya amekosea. Lakini Kimya alikuwa nje kila jioni, na yeye alikuwa kitandani. Alijua vizuri mstari upi ulikuwa wa kweli, na alijua ufunguo ungekwenda kwa nani. Wivu ulimkaba mpaka akahisi joto masikioni. Akazing'oa zile pini saba moja moja, akazichomeka ovyo, hii juu, hii chini, hii pembeni kabisa. Kisha akakikunja kitambaa kwa uangalifu kama alivyokikuta.

Alhamisi mwalimu aliwaita mbele, ahakikishe kazi kabla ya mgeni. Kimya alikitandaza kitambaa chake juu ya meza, akabaki mdomo wazi.

"Mirihi yake imelewa," Redio akasema, na darasa likaangua kicheko.

"Kicheko kimetosha," mwalimu akasema. Aliinamia kitambaa. "Kimya, hapa imerukaje?"

"Sivyo nilivyozichomeka, Mwalimu."

"Una vipimo kwenye daftari?"

"Niliandika tarehe tu. Vipimo nilivitia kwenye kitambaa."

Mwalimu akaguna. Kimya alimtupia Kifungo jicho mara moja tu. Kwenye chumba chao walilala wawili, na hakuhitaji kupiga ramli. Lakini hakumtaja. Akateremsha macho.

Mwalimu akageukia kitambaa cha pili. Aliufuata ule mstari ulionyooka kwa kidole mpaka mwisho.

"Kifungo, wiki hizi tatu za mwisho uliitazama mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa macho yako?"

"Ndiyo."

Mwalimu aligonga pini ya mwisho kwa kidole. "Na mimi nimeitazama," alisema polepole. "Haiko hapa."

Hakugomba, na ingekuwa nafuu kama angegomba. Alivikunja vitambaa vyote viwili, akawarudishia, na kuliambia darasa kwamba kesho asubuhi atampigia mkufunzi simu asije. Hawezi kumwonyesha mgeni kazi ambayo yeye mwenyewe haiamini. Watoto arobaini waliguna kwa pamoja. Wengi wao hawakuwahi kuipa Mirihi hata usiku mmoja kamili, lakini darubini kila mtu aliitaka.

Kifungo alirudi nyumbani akitembea nyuma ya Kimya. Alikuwa amepata alichotaka. Ufunguo hautakwenda kwa Kimya. Alingoja ile furaha ije, na haikuja. Kila hatua aliona mgongo wa binamu yake umeinama na kitambaa kikiwa kwapani, ule utepe wa dhahabu ukichungulia.

Fundi alikuwa dirishani, amelishika tena lile koti kuukuu.

"Wamesemaje shuleni?" aliuliza.

"Kitambaa kimeharibika, Mjomba," Kimya akasema. "Pini zilihama. Samahani kwa utepe wako."

"Zilihama? Nani kazihamisha?"

Kifungo alishikilia fremu ya mlango. Sasa, alijiambia, sasa atasema.

"Sijui," Kimya akajibu, akachukua sumaku na kuanza kuiburuta chini ya meza.

Neno lile lilimchoma Kifungo kuliko kama angetajwa. Hakujua aelekeze macho wapi, akayaelekeza kwenye koti. Jua la jioni lilikuwa limelipiga kwa nyuma, na kando ya bega ilionekana safu ya vitundu vyenye mwanga, vidogo kama ncha za sindano, ambako mshono wa zamani ulikuwa umepita miaka mingi iliyopita. Uzi ulikuwa umekwisha kutolewa, lakini njia yake yote ilikuwa bado inaonekana.

Aliduwaa. Binti wa fundi mzima, aliyekulia chini ya meza ya kukatia, alikuwa amesahau kwamba bitana ikichomwa inabaki na tundu.

Alijua pia kwamba angeweza kulinyamazia hilo. Vile vitundu saba vilivyo wazi vingeonekana tu kama vitundu. Nani angejua vilikuwa vya nini, isipokuwa aliyezing'oa pini? Akapiga moyo konde.

"Baba," alisema. "Mimi ndiye niliyezihamisha. Na za kwangu nilizibuni. Sikuwa natoka nje."

Sumaku ikasimama chini ya meza. Fundi aliliweka koti chini.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu kila kitu ni Kimya. Mkasi, Kimya. Sumaku, Kimya. Makofi, Kimya. Hata utepe." Sasa alikuwa analia. "Zamani vilikuwa vyangu."

Fundi aliketi kwenye kiti chake cha kazi, akamvuta binti yake karibu.

"Kuhusu sumaku," alisema, "nilidhani unakua, nikaona nikupunguzie kazi ya kitoto. Kumbe nilipaswa kukueleza. Hapo kosa ni langu. Lakini hilo la pini ni lako peke yako. Umemkosea binamu yako, na umewakosea wenzako wote. Utalitengeneza wewe."

"Linatengenezeka," Kifungo akasema, akafuta pua kwa mkono. "Naomba kitambaa."

Alizing'oa pini zote, akakiinua kitambaa dirishani. Jua likapita. Kwenye weusi wa bitana vikawaka vitundu vya nyota, na katikati yao vitundu vya Mirihi, vikienda, vikisongamana, vikirudi. Pembeni vilikuwepo vingine saba vilivyotapakaa bila mpango.

"Hivi ni vyangu," Kifungo akasema akivionyesha kimoja kimoja. "Vyote vilivyobaki ni vyako."

Kimya alikaribia. Alivitazama kwa muda wake wa kawaida.

"Uliwafanya watu wanicheke," akasema hatimaye.

"Najua. Nisamehe."

"Nilikasirika sana."

"Kwa nini hukunitaja?"

Kimya alifikiria. "Mimi niko kwenu," alisema. "Niliogopa mngenirudisha, na mama hajamaliza."

Miezi mitatu Kifungo alikuwa akimwona binamu yake kama mtu aliyekuja kuchukua, na kumbe mwenzake alilala kitanda kile kile akiwa na hofu ya kufukuzwa. Fundi alikohoa, akainuka, akamwekea Kimya mkono kichwani. "Hapa hakuna wa kukurudisha," akasema. "Hapa ni kwenu."

Jioni ile Kifungo alishona. Alikizungushia kila kitundu cha nyota uzi mweupe, kama mtu anayeshona tundu dogo la kifungo, na cha Mirihi uzi mwekundu, ili visizibe tena. Alijichoma vidole mara nne. Kimya alimsomea tarehe kwa mpangilio, na baba yake hakumsaidia hata mshono mmoja.

"Vile saba vya uongo tuvifute, tuvisugue kwa ukucha mpaka vizibe," Kifungo aliuliza walipomaliza, "au tuviache?"

"Fundi angevifuta," baba yake akasema. "Lakini sijui mwalimu wako angesema nini. Kamuulize."

Ijumaa asubuhi, kabla simu haijapigwa, Kifungo alisimama mbele ya darasa na kusema yote aliyoyafanya. Mwalimu alikiinua kitambaa dirishani, akakitazama mpaka wengine wakaanza kujongea waone.

"Hivi saba usivifute," alisema. "Vizungushie chaki. Mgeni akiuliza, utamweleza wewe. Kumbukumbu ya kweli haifichi palipoharibika."

Mkufunzi alikuja, na aliuliza, na Kifungo alimweleza huku uso ukimwaka moto. Mkufunzi aliandika kitu kwenye karatasi yake, akasema darubini itakuja. Kisha akataka kujua kama yupo anayejua kwa nini Mirihi iligeuka. Hakuna aliyejua.

Mwalimu akawapeleka uwanjani. Alichora maduara mawili, dogo ndani ya kubwa. Kimya aliwekwa kwenye duara kubwa awe Mirihi, atembee polepole. Kifungo aliwekwa kwenye duara dogo awe Dunia, atembee haraka, na amtazame Kimya na miti iliyo mbali nyuma yake. Wakaanza. Kifungo alimkaribia, akamfikia, akampita, na akashtuka. Kwenye ile miti ya mbali, Kimya alikuwa anarudi nyuma. Aliposonga mbele zaidi, Kimya akaonekana anakwenda mbele tena.

"Alirudi nyuma?" mwalimu akauliza.

"Nimemwona, Mwalimu."

"Kimya, ulirudi nyuma?"

"Sikurudi hata hatua moja," Kimya akasema.

Mwalimu aliwaita wote wakae kwenye nyasi. "Mirihi hairudi nyuma kamwe," alisema. "Inaonekana hivyo kwa sababu sisi tunaotazama nasi tunakimbia. Ndiyo maana anayetaka kuijua mbingu hutoka nje kila siku, hupima, na huandika alichokiona, hata kama sicho alichokitarajia. Na kwa watu ni vivyo hivyo. Ukimtazama mwenzako huku unashindana naye, utaona anakuchukulia chako, na kumbe anatembea njia yake tu. Wivu ni mahali pabaya pa kusimama unapotaka kuona vizuri. Kifungo alitoka hapo kwa kusema kweli, na kwa sababu hiyo sote tutaona."

Darubini ilifika Jumatatu. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Kimya, na jicho lake ndilo lililotangulia. Kifungo alipanga foleni wa mwisho, wa arobaini na mbili, bila kuambiwa na mtu, na roho bado ilimuuma kidogo. Mambo kama hayo hayatoki kwa siku moja. Zamu yake ilipofika, Kimya aliinama akamwekea darubini sawa.

"Bana pumzi," alinong'ona. "Inatikisika ukipumua."

Akabana pumzi, akaona duara dogo la rangi ya chungwa, likitetemeka, mbali kupita kiasi. Walikaa pale wawili mpaka mwalimu akawafukuza.

Kitambaa kilitundikwa kwenye dirisha la darasa, linakoingia jua la asubuhi. Watoto wa darasa la kwanza huja kukitazama kabla ya kengele, kwa sababu mwanga ukipita ndani yake nyota huwaka mchana. Husoma njia nyekundu kwa kidole, inakwenda, inageuka, inarudi. Halafu huuliza vile saba vyenye duara la chaki ni nyota gani, na wakubwa huwaelekeza kwa Kifungo.

"Hizo si nyota," yeye huwaambia. "Hizo ni zangu. Kaeni niwaeleze."